Macho Niliyompikia Daktari Yeh

Taipei, 10 Septemba 1995

Dada A-Lan (na wewe Bibi, maana najua umekaa hapo pembeni, sikio limesimama),

Kuanzia leo mkinitaja, mnitaje kwa heshima. Hakuna daktari wa macho katika kisiwa hiki kizima, kaskazini mpaka kusini, ambaye sijamfundisha au sitamfundisha kabla mwaka haujafa. Mimi huyuhuyu A-Tsai, niliyefukuzwa shule ya ufundi kwa kuvuta sigara chooni! Wanaume wenye mvi na magari meusi wananiinamia kichwa. Jana mmoja kaniuliza, "Bwana mdogo, leo umetupikia nini?" Nikamjibu, "Kaa chini, daktari, chakula kinakuja."

Dada, usikunje uso. Nakueleza. Zamani mtoto wa jicho alitolewa kwa kulikata jicho pana na kulifunua kama kifuniko cha sufuria, kisha likashonwa nyuzi. Siku hizi kuna njia mpya. Linatobolewa tundu dogo, sindano inaingia ikitetemeka, inaivunjavunja ile lenzi iliyochafuka na kuifyonza kama Bibi anavyofyonza tambi. Nyuzi hakuna. Sasa madaktari wote waliosoma zamani wanarudi darasani hapa hospitalini kwetu kila Jumamosi, na huwezi kumpa mtu jicho la mtu ajifunzie. Wanapewa macho ya nguruwe. Anayekwenda machinjioni kuyachukua kabla nguruwe hajatiwa maji ya moto ni mimi. Anayeyatayarisha ni mimi.

Kuyatayarisha ndiko kwenye ufundi. Nguruwe huchinjwa bado kijana, lenzi yake laini kama tofu. Ya binadamu mzee ni ngumu, nyingine kama kokwa. Kwa hiyo jicho lazima lipikwe kidogo kwenye maikrowevu, lenzi igeuke nyeupe na kukazana, daktari akutane na kitu kinachofanana na kazi yake. Ukizidisha moto linapasuka, puu! Ukipunguza linabaki uji. Mimi kipimo changu ni sikio: nasikiliza jicho linavyoanza kulia. Hata Daktari Lien, mwalimu wetu, mwanamke mfupi asiyecheka hata kwa kutekenywa, amekiri kuwa hajaona mpishi kama mimi. Hakusema kwa mdomo, lakini niliona.

Na sasa kaeni vizuri. Mwanafunzi mpya wa Jumamosi ya jana ni nani? Daktari Yeh wetu wa Hsinpu! Yeye mwenyewe, na mkoba wake uleule wa ngozi uliochubuka. Kaniona, akasema, "A-Tsai, hii ndiyo kazi uliyoiita ya hospitali?"

Mwalimu wa waalimu,
A-Tsai


Hsinpu, 15 Septemba 1995

Mdogo wangu mwalimu wa waalimu,

Nimemsomea Bibi barua yako akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema, "Mwambie, zamani alishindwa kuchemsha wali, leo anapika macho." Mimi sina la kuongeza.

Sasa nisikilize bila utani. Daktari Yeh hakwenda huko kutalii. Amekwenda kwa ajili ya huyu bibi yako. Unajua jicho lake la kushoto lilikufa kwa kijiti cha mwanzi hata mama hajazaliwa. Hili la kulia, lililobaki, ndilo lenye mtoto wa jicho, na mwaka huu limezidi. Wiki iliyopita alikaa uani akimenya persimoni, matunda yetu ya kukausha, nikaona anamenya yaliyokwisha kumenywa. Alipogundua akasema jua kali. Hapakuwa na jua.

Nilitaka kumpeleka Taipei. Alikataa. Hospitali kubwa anasema mtu anaingia na jina anatoka na namba. Anamtaka Daktari Yeh tu. Na Daktari Yeh alimwambia, "Basi nipe msimu mmoja nikajifunze hiyo njia mpya, wewe utakuwa wa kwanza wangu. Hakuna nyuzi, hakuna kulala wiki nzima." Bibi ameshikilia hapo.

Kwa hiyo huyo mwanafunzi wako mchunge kama yai. Jicho lenyewe ni moja.

Upepo mkavu wa kukaushia umeanza kuvuma. Nyungo za matunda zimejaa uani, kila kitu cha rangi ya machungwa, na nyuki wamenichosha.

Dada yako,
A-Lan


Taipei, 24 Septemba 1995

Dada,

Habari njema kwanza. Kuna daktari mmoja kijana wa Tainan, nywele zimepakwa mafuta, alinidharau akaniita "mfagiaji". Jana jicho alilopewa lilimpasukia usoni. Bahati mbaya tu. Jiko lilikuwa na moto mwingi siku hiyo.

Sasa ile nyingine. Daktari Yeh hawezi, Dada. Nasema ukweli na moyo unaniuma. Mkononi ni mfalme. Akishika kisu, hata Daktari Lien anasimama kutazama. Tatizo ni mguu. Ile mashine ya kutetemesha sindano inaendeshwa kwa pedali: ukibonyeza kidogo inamwaga maji, ukiongeza inafyonza, ukiongeza tena ndipo inavunja. Na mguu wa Daktari Yeh umepiga breki ya pikipiki miaka yote unayomjua. Akishtuka kidogo, anaukanyaga wote!

Nyuma ya lenzi kuna kifuko chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kinatakiwa kibaki kizima, maana lenzi mpya ndimo inamokaa. Kila Jumamosi anakipasua.

"Daktari Yeh," anasema Daktari Lien, "kimepasuka."

"Naona."

"Tena."

"Naona, mwalimu."

Anamwita mwalimu, Dada. Yeye, aliyeanza kazi Lien akiwa bado hajaota meno! Na wale vijana nyuma wanaguna, "Mzee anaendesha pikipiki."

Saa ya chakula nikamfuata ngazini. Nikamvua kiatu. Usicheke. Nikaweka chini ya wayo wake moja ya zile persimoni mbivu ulizonitumia, nikamwambia, "Bonyeza, isipasuke." Ya kwanza ililowesha soksi mpaka kifundoni. Ya pili vilevile. Baadaye akaanza kuelewa, mguu ukatulia kama paka juu ya ukuta. Watu wanapita wanatuangalia, daktari mzima anakanyaga matunda, mimi nimechuchumaa namwambia, "Polepole, mzee wangu, polepole." Nani mwalimu hapo?

Lakini alipokuwa anajifuta mguu alisema neno. Hapa usimsomee Bibi. Alisema, "A-Tsai, bibi yako ana jicho moja. Jicho moja si mahali pa kujifunzia. Darasa likiisha bila mimi kuweza, nitamwambia amtafute mtu mwingine."

Usiogope. Mimi nipo.

Daktari wa madaktari,
A-Tsai


Hsinpu, 28 Septemba 1995

A-Tsai,

Nimemsomea. Nilijaribu kuruka mstari, akaniambia, "Rudi nyuma, umemeza mate." Huyu bibi haoni lakini anasikia mtu anavyoficha.

Alitaka nimsomee tena mstari ule. Kisha akaniambia niandike haya, nami nayaandika kama yalivyotoka:

"Mjukuu. Mwambie Yeh mimi sikumchagua kwa mguu wake. Babu yenu alipokuwa anakata roho, daktari wa mjini alikuja akatazama saa yake akaondoka. Yeh alikaa. Alikaa mpaka mwisho, na baada ya mwisho akatusaidia kumwosha. Mtu wa namna hiyo mkono wake ukitetemeka atasema umetetemeka. Wengine hawasemi. Kama si yeye, basi niacheni nipofuke, nyumba hii naijua kwa miguu. Na wewe uache kuwapasulia watu macho usoni. Msaidie mzee. Mpikie vizuri."

Alipomaliza akauliza kama nimeandika hilo la mwisho. Nimeandika.

Mimi naongeza langu. A-Tsai, jana usiku nilimwona amesimama mbele ya madhabahu ya babu, anapapasa picha kwa vidole. Picha ile ina kioo; hakuna cha kupapasa. Fanya unaloweza.

Nimefunga pakiti mbili za matunda makavu. Moja ya daktari. Usiifungue.

A-Lan


Taipei, 15 Oktoba 1995

Bibi wa pekee, Dada wa lazima,

Pigeni fataki! Chinjeni kuku! Daktari Yeh amefaulu mtihani wa mwisho!

Mngekuwapo. Madaktari wote wamejipanga, mashine inaunguruma, Daktari Lien amekunja mikono. Daktari Yeh akakaa, akavua kiatu (ndiyo, alivua kiatu, na hakuna aliyethubutu kucheka), akaingiza sindano. Lenzi ikavunjika mara moja, ikafyonzwa, ikaisha. Kifuko kizima kama kilivyoumbwa! Akapewa jicho la pili, likaenda vilevile. La tatu ndiyo usiseme. Yule wa Tainan mwenyewe anatoka jasho bado anahangaika na la kwanza, akainua kichwa kumwangalia.

Daktari Lien akasema, "Daktari Yeh, umebadilika sana wiki hizi." Akapiga makofi. Yule mwanamke ana mikono kumbe!

Mzee aliinuka, akanitafuta kwa macho kule nyuma kwenye masinki, akaniinamia kichwa mbele ya watu wote. Mimi, Dada. Nilijifanya naosha trei.

Bibi, uliniambia nimpikie vizuri, nami nimempikia vizuri, kila Jumamosi tangu barua yako. Mgeni asiye na meno humpi mahindi ya kuchoma. Zaidi ya hapo sisemi. Mpishi hafunui chungu. Jueni tu kwamba bila mimi kijiji chetu kisingepata daktari wa njia mpya, na mkiandika historia ya mji mnipe ukurasa. Wa mbele.

Pakiti ya daktari ilifika ikiwa na tundu. Panya wa Taipei ni wakubwa.

Mkuu wa Jiko, Mwokozi wa Hsinpu,
A-Tsai


Hsinpu, 20 Oktoba 1995

Kijana wangu A-Tsai,

Sijazoea kuandika barua zisizo za dawa, kwa hiyo nisamehe ikiwa fupi.

Nilipofika huko mara ya kwanza nilijiona gogo. Kuna aibu ya pekee katika kukaa dawati moja na watu uliowatangulia kuvaa koti jeupe, ukasahihishwa kama mtoto. Usiku nilikuwa nabonyeza mto kwa mguu kitandani, mke wangu akaniuliza kama nina kifafa. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuacha. Wewe ndiye uliyenivua kiatu.

Wiki zile za mwisho sindano ilipoanza kupita kwenye lenzi kama kijiko kwenye tofu, nililia kidogo nyuma ya hadubini. Hadubini ni mahali pazuri pa kulilia, hakuna anayekuona.

Hospitali ya wilaya imepata mashine. Bibi yako nimempangia tarehe 8 Novemba, wa kwanza kabisa. Daktari Lien alijitolea kuja kukaa pembeni yangu siku hiyo. Nilimshukuru, nikakataa. Sikutaka bibi yako asikie sauti ngeni chumbani akaogopa. Na, nikuambie ukweli wewe tu, nilijivuna.

Asante, mpishi wangu.

Yeh Mao-sung


Hsinpu, 26 Oktoba 1995

Mwokozi wa Hsinpu,

Bibi ameshachagua nguo ya kuvaa siku ya kufunguliwa jicho. Ile ya zambarau. Nikamwambia, Bibi, hakuna atakayekuangalia, wewe ndiye utakayeangalia. Akasema, "Nataka nikijitazama nijikute nimependeza."

Anataka kuona vitu kwa mpangilio. Kwanza picha ya babu. Pili persimoni, kama kweli nimezipanga vizuri au namdanganya. Tatu wewe, ili ajue umekonda au ni uongo wako wa kuombea chakula.

Jana nilimpeleka kwa Daktari Yeh akapimwe. Alimulika lile jicho muda mrefu. Akasema lenzi imekuwa rangi ya chai iliyolala, ngumu, hajaona ngumu kama hiyo miaka mingi. Nikamwuliza, "Daktari, itawezekana?" Akacheka, mimi dada yako nimemwona akicheka! Akasema, "Usihofu. Yale aliyonipikia A-Tsai yalikuwa magumu vilevile, na yaliyeyuka mbele yangu kama tofu."

Bibi akanyoosha shingo kama jogoo. "Mjukuu wangu huyo," akawaambia wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi. "Amewafundisha wote."

Basi umetuletea furaha, kinyago wewe. Njoo tarehe 8.

A-Lan


Taipei, 29 Oktoba 1995

Dada,

Nimefikiria hiyo tarehe 8. Kuna mzee mmoja hapa hekaluni, anajua sana nyota, ameniambia ni siku mbaya kwa mtu aliyezaliwa mwaka wa Chui. Bibi si wa Chui? Isogezeni mbele kidogo. Hata baada ya mwaka mpya. Au mwambieni Daktari Lien aje. Ni mwanamke mwema sana ukimzoea.

A-Tsai


Hsinpu, 31 Oktoba 1995

A-Tsai,

Tangu lini wewe ukaamini nyota? Wewe uliyekula sadaka ya hekalu?

Nimemfungulia Bibi almanaka. Tarehe 8 inafaa kuoa, kuhama nyumba na kutafuta tiba. Haifai kuchimba kisima. Hatuchimbi kisima.

Una nini? Kama kuna kitu, sema. Usiponijibu mimi, mjibu Daktari Yeh. Lakini sema.

A-Lan


Hsinpu, 5 Novemba 1995

A-Tsai,

Barua yako ya haraka nimeipokea. Nimeisoma, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena.

Mwanzoni nilikasirika kiasi cha kuvunja kikombe. Si kwa sababu ya mtihani. Kwa sababu ya tarehe 8. Ningesimama juu ya jicho la pekee la mwanamke yule, na mguu unaoamini kuwa jiwe ni tofu. Ningebonyeza, lisingevunjika, ningebonyeza zaidi. Unajua kinachofuata, umeona vifuko vingapi vikipasuka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wewe ulimchelea mzee kulia, na ambaye angelia ni bibi yako.

Baadaye hasira zikanigeukia mwenyewe. Jicho laini si kitu cha kumdanganya daktari aliyefanya kazi miaka thelathini. Vidole vyangu vilijua. Mimi ndiye sikutaka kuviuliza.

Nimewaambia nyumbani kwenu kwamba mguu wangu umeteguka na siwezi kubonyeza pedali, kwa hiyo tumeahirisha. Iache hivyohivyo. Jumamosi nakuja. Nimempigia simu Daktari Lien, nimemweleza, naye atanifungulia chumba. Nipikie magumu, A-Tsai. Nipikie mpaka yalie. Usinionee huruma hata moja.

Yeh Mao-sung


Hsinpu, 3 Desemba 1995

A-Tsai,

Mbona kimya hivyo? Mwenye maneno yote ya dunia, leo mwezi mzima hata mstari hakuna!

Bibi anaona.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini nikalia, sasa naendelea. Alipasuliwa tarehe 22. Daktari Lien alikuja, ni kweli ni mwanamke mwema. Lakini njia mpya hawakuitumia. Daktari Yeh alitwambia kabla ya kuanza: mguu wake bado, na tena lenzi ya Bibi ni ngumu mno kwa sindano ile, kwa hiyo atafanya kwa njia ya zamani anayoijua kwa moyo. Kufunua, kutoa nzima, kuweka lenzi mpya, kushona. Daktari Lien akasema hata yeye angechagua hivyo. Kisha akamwachia mzee kiti, akawa anampa nyuzi tu.

Bibi alilalamika! "Niliahidiwa bila nyuzi! Yeh, ulikwenda Taipei kula tu?" Amelala siku zote hizo na kifuniko juu ya jicho, msimu wa persimoni umempita. Alipofunguliwa aliangalia picha ya babu kwanza, kama alivyosema. Aliiangalia sana. Kisha akasema, "Kumbe nzi wamemchafua," akaifuta kwa mkono wa nguo yake. Matunda yangu ameyakosoa yote. Wewe bado. Anasoma almanaka mwenyewe, na anasoma anwani kwenye bahasha za watu.

Ila kuna jambo linanikera. Hapa mjini watu wanamcheka Daktari Yeh. Wanasema alikwenda kusoma uzeeni akarudi na mguu mbovu na njia ileile. Mama Peng wa jirani amemhamisha mumewe kwenda kwa daktari wa Taoyuan. Daktari hajibu kitu. Na Bibi, wewe unamjua, anaamini mguu hutibiwa kwa mguu: kila asubuhi anampelekea supu ya makongoro ya nguruwe, anakaa mbele yake mpaka amalize bakuli. Mzee anakunywa huku jasho linamtoka. Nadhani hapendi makongoro.

Akiulizwa mguu unaendeleaje, anaangalia ukutani.

Wewe unajua kitu?

A-Lan


Taipei, 7 Desemba 1995

Bibi,

Hii ni yako peke yako. Nimeandika herufi kubwa ili Dada asikusomee. Dada, kama umeishika wewe, mpe.

Nilitaka kuanza kwa kujisifu nikakosa pa kushika.

Uliniambia nimpikie Daktari Yeh vizuri. Nilielewa nilivyotaka kuelewa. Kila Jumamosi madaktari wengine niliwapikia macho mpaka yakalia. Ya kwake niliyapitisha motoni kidogo tu, yakageuka meupe kama ya wenzake, lakini ndani ni uji. Hakuna aliyejua, hata yeye. Sindano ilipopita ndani yake alidhani ni ufundi wake. Siku ya mtihani nilimwekea trei yake kwa mkono wangu. Nilipoona anavyofurahi, Bibi, nilijiona mungu mdogo.

Sikukufikiria wewe. Huo ndio ukweli, hata nikiugeuza vipi. Nilifikiri: akifaulu, Bibi atapata daktari anayemtaka, na mimi nitapata ukurasa wa mbele. Kwamba jicho lako halikupikwa na mimi, kwamba lilijikaza lenyewe miaka sabini bila kuniuliza, hilo halikunijia mpaka niliposoma barua ya Dada, pale daktari aliposema yako na yale niliyompikia ni sawasawa. Niliosha trei zilezile mara tatu.

Hata hapo sikusema. Nilianza kutafuta nyota. Ningekuwa na kisima ningekisingizia kisima. Ni Dada aliyenibana ndipo nikamwandikia mzee.

Alikuja Jumamosi ile. Nilimpikia magumu, nikakaa naye. Alipasua kifuko, akapasua kingine, siku nzima, bila kunisema. Jioni akavaa kiatu akaniambia, "Sasa najua ni jicho lipi niliguse kwa njia hii na lipi nisiliguse. Hilo ndilo nililokuja kusoma." Anarudi kila Jumamosi. Mawili ya mwisho ya Jumamosi iliyopita yalikuwa magumu kama karanga, na yalivunjika, na vifuko vizima, na safari hii sikumsaidia kwa chochote. Mwambie Mama Peng.

Nasikia mji mzima unamcheka, naye ananyamaza kwa ajili yangu. Mtu aliyekaa na babu mpaka mwisho amekaa na mimi pia, na mimi nimemwacha anywe supu.

Wasomee watu wa mji barua hii pale hekaluni, kwa sauti yako. Na makongoro uache kumpelekea, Bibi. Mguu wa Daktari Yeh ni mzima. Haukuteguka hata siku moja. Ni mimi.

A-Tsai